Mlinzi wa Kihenge Naye Hula

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini fedha huzungumzwa kwa namna mbili tu: haitoshi, au imekwisha. Ni nadra kusikia mume na mkewe, au mzazi na watoto wake wazima, wakikaa kitako kuzungumza habari za shilingi ile iliyobaki: ilale wapi, ailinde nani, na huyo mlinzi alipwe nini kwa ulinzi wake. Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulitazame leo. Sina hapa dawa ya kutajirika upesi, wala siijui. Ninalotaka kukueleza ni kwamba kumwachia mtu mwingine akutunzie akiba kuna bei yake. Kwamba bei hiyo aghalabu imefichwa mahali pasipotazamwa. Na kwamba mtu wa kawaida, mwenye kujua kujumlisha na kutoa, anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mwenyewe.

Somo hili sikulipata chuoni nilikosomea uandishi wa habari. Nililipata kwa mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aishiye Kalenga, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mjini Iringa, mahali ambapo wengi wenu mmepasikia kwa sababu ya Mtwa Mkwawa na makumbusho yake.

Mama alistaafu mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 60. Alikuwa ameingia kazini katika ile miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yakiwa yamejaa watoto hadi dirishani. Alipopata kiinua mgongo, alikuwa ameshika fedha ambayo hakuwahi kuishika maishani mwake, naye alijua kwamba hataishika tena. Alimaliza nyumba, akalipa madeni, akatoa fungu la kanisa. Kilichobaki ndicho kilichozua maneno.

MASHAURI MATATU

Kila mtu alikuwa na shauri lake, wala hakuna aliyelitoa kwa nia mbaya.

Kaka yangu mkubwa alitaka linunuliwe gari la mizigo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Bonde la Ruaha Mdogo hustawisha nyanya na vitunguu, na kila msimu wapo wakulima wanaotazama mazao yao yakiharibika kwa kukosa usafiri. "Mdogo wangu," aliniambia, "nyanya zinaoza Kalenga kwa kukosa gari, nanyi mnataka kumnunulia Mama karatasi Dar es Salaam!"

Shauri la pili lilitoka kwa bwana mmoja wa mjini aliyejitambulisha kuwa mshauri wa uwekezaji. Alivaa vizuri, akazungumza kwa heshima, akamwita Mama "Mwalimu" katika kila sentensi. Alisema atamsimamia fedha zote. Mama asisumbuke kwa lolote. Yeye atachagua, atanunua, atauza. Malipo yake yangekuwa shilingi 2 tu katika kila shilingi 100 kwa mwaka.

Shauri la tatu lilikuwa la majirani: nunua ng'ombe.

Mama aliwasikiliza wote. Kisha akauliza swali moja ambalo kila mmoja alipata taabu kulijibu: "Mimi mwenyewe nitakuwa nafanya nini?"

Nadhani, ndugu msomaji, swali hilo lilitoka katika miaka 40 ya kushika chaki. Mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto 70 kwa taa ya chemli hawezi kuambiwa kwamba hesabu ya fedha yake mwenyewe ni kubwa mno kwake.

HESABU YA SHILINGI MBILI

Tulikaa naye sebuleni tukaifanya ile hesabu ya bwana wa mjini. Nawe chukua kalamu uifanye.

Tuseme una shilingi 1,000,000. Tuseme pia kwamba fedha hiyo inaongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka, nawe huigusi, faida inazaa faida. Huu ni mfano wa hesabu tu, si ahadi ya soko lolote. Baada ya miaka 20 utakuwa na shilingi 6,727,500. Sasa mwachie mlinzi anayechukua shilingi 2 katika kila 100 kila mwaka, hivyo ongezeko lako libaki asilimia 8. Baada ya miaka 20 ile ile utakuwa na shilingi 4,660,957.

Tofauti ni zaidi ya shilingi 2,066,000. Yaani, katika faida yote ambayo ingekuwa yako, zaidi ya theluthi moja imekwenda kwa mlinzi, au imepotea kwa sababu fungu alilokuwa akikata kila mwaka halikupata nafasi ya kuzaa. Na yeye hakuweka hata senti moja. Mwaka ukiwa mbaya, hasara ni yako. Shilingi zake 2 anazichukua vile vile.

Mama aliitazama ile karatasi kwa kitambo. Kisha akasema, "Huyu mlinzi wa kihenge naye hula. Tena hula kwanza."

Wahenga wametufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Walituachia sisi wenyewe kutambua kwamba haba na haba hukimaliza pia.

WENZETU WALIVYOLITAMBUA

Jambo hili halikutambuliwa Kalenga kwanza. Huko Marekani, kwa muda mrefu madalali wa hisa walitoza ada za namna moja zilizopangwa, mnunuzi asiweze kutafuta dalali wa bei nafuu. Tarehe 1 Mei 1975 utaratibu huo ulikomeshwa. Tangu hapo wakatokea madalali wa bei ya chini, Charles Schwab akiwa miongoni mwa waliovuma zaidi, ambao hawakutoa mashauri wala chai ya ofisini. Walimnunulia mteja alichokitaka kwa ada ndogo, basi.

Mwaka uliofuata, 1976, mtu aitwaye John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard, alianzisha mfuko wa namna mpya kwa ajili ya watu wa kawaida. Wasimamizi wengine wa mifuko walilipwa sana kwa kuchagua hisa zilizodhaniwa kuwa bora. Bogle alisema mfuko wake hautachagua chochote: utanunua hisa za makampuni yote makubwa yaliyomo katika orodha moja, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake, na kuzishika. Kwa kuwa hakuna wa kulipwa kwa werevu wa kuchagua, gharama ingekuwa ndogo sana. Watu wa masoko walimcheka. Mfuko ulipofunguliwa ulipata dola milioni 11 tu na ushei, kiasi kidogo mno kuliko kilichotarajiwa. Leo mifuko ya namna hiyo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani.

Baadaye ikaja mifuko ambayo vipande vyake huuzwa na kununuliwa sokoni kama hisa yoyote. Huko Marekani ule wa kwanza kudumu ulianza mwaka 1993. Mtu mmoja, kwa kupitia dalali wa bei nafuu, aliweza sasa kumiliki kijisehemu cha makampuni mamia kwa ununuzi mmoja. Hapa Afrika Mashariki mfuko wa kwanza wa aina hiyo uliingia katika soko la Nairobi mwaka 2017, nao ulifuata bei ya dhahabu.

HAPA KWETU

Kwetu Tanzania neno "hisa" lina historia yake, na watu wa rika la Mama wanaikumbuka vizuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mama mwenyewe alilifundisha jambo hilo katika somo la siasa. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Soko la Hisa la Dar es Salaam liliundwa mwaka 1996, na biashara ikaanza mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa ni TOL, watengenezaji wa hewa ya oksijeni. Mwaka 2005 ukafunguliwa Mfuko wa Umoja, ambamo mwananchi hununua vipande, na fedha za wengi zikiwekwa pamoja hununua hisa, hati fungani na amana za benki. Mifuko mingine ya dhamana hiyo hiyo ikafuata. Leo yote inasimamiwa na UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya Serikali.

Kwa mtu wa Kalenga, mfano wake ni kihenge cha kijiji. Mmoja analeta debe, mwingine gunia. Nafaka inachanganywa, na kila mtu anajua fungu lake. Akihitaji, anakwenda kuchota kadiri ya fungu hilo. Nayo mifuko hii hukata gharama za uendeshaji kabla ya bei ya kipande kutangazwa; hakuna kihenge kisicho na mlinzi. Lakini gharama hizo zimeandikwa katika waraka wa mfuko, nawe unaweza kuzisoma na kuzilinganisha kabla hujaweka chochote. Usione haya kuuomba waraka huo. Ukiona maneno yanakushinda, uliza: "Katika shilingi 100 zangu, ngapi zinakatwa kuingia, ngapi zinakatwa kila mwaka, na ngapi zinakatwa kutoka?" Asiyeweza kukujibu hapo hapo mwage salamu.

Ukitaka hisa moja kwa moja, hapana budi kupitia dalali aliyeidhinishwa. Siku hizi unaweza kuagiza hata kwa simu, kwa njia iitwayo Hisa Kiganjani, lakini ada ya dalali haifutiki kwa sababu hiyo. Ununuzi mdogo hugharimu karibu shilingi 2 kwa kila shilingi 100, ukijumlisha haki ya dalali na tozo nyingine. Na kuuza hugharimu karibu vivyo hivyo. Basi fikiri: mtu mwenye hisa za shilingi 500,000 akiuza zote na kununua nyingine, amekwisha kutumia karibu shilingi 20,000. Akifanya hivyo mara 4 kwa mwaka, karibu shilingi 80,000 zimekwenda. Hapo bei haijapanda wala kushuka. Kwa hiyo dalali wa bei nafuu kuliko wote ni yule usiyempigia simu mara kwa mara.

NGOME MOJA NA VIKOSI VINGI

Mama alipoamua kusimamia mwenyewe, jambo la kwanza alilokataa ni kuweka kila kitu mahali pamoja. Mfano wake aliutoa palepale nyumbani. Ngome ya Mkwawa hapo Kalenga, iliyoitwa Lipuli, ilikuwa na ukuta ambao watu waliamini haubomoki. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia, na mlemle ndani mlikuwa na pembe za ndovu, bunduki na baruti: akiba ya dola nzima nyuma ya ukuta mmoja. Lakini vita havikuisha siku ile. Mkwawa alipigana karibu miaka 4 zaidi, hadi mwaka 1898, kwa vikosi vidogo vilivyotawanyika milimani na misituni, hapa wakipigwa, pale wakisimama. "Adui alimaliza ngome kwa siku chache," alisema Mama, "vikosi vikamsumbua miaka."

Akagawa fedha yake katika mafungu matatu, akayaandika katika daftari la mistari, lile lile la kuandalia masomo.

Fungu la kwanza aliliita la mkononi. Hili lilikwenda katika Mfuko wa Ukwasi, ambao mtu huchota kwa siku chache tu bila kusubiri mnunuzi. Kadiri yake ilikuwa matumizi ya nyumba ya mwaka mmoja.

Fungu la pili aliliita la mshahara. Hili lilinunua hati fungani za Serikali, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi 6. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi 1,000,000. Faida yake ni kwamba unajua utalipwa nini na lini. Lakini nawe ujue kwamba viwango vya hati mpya hubadilika: za miaka 25 zilizotolewa mwaka 2021 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95, katika mwaka 2022 hati mpya za muda huo huo zilitolewa kwa asilimia 12.56. Aliyekwisha kununua anabaki na kiwango chake. Anayekuja nyuma anakuta kingine.

Fungu la tatu aliliita la wajukuu. Nusu ilinunua vipande vya Umoja, na nusu hisa za makampuni matano ya biashara tofauti. Fungu hili alilikusudia lisiguswe kwa miaka 10.

Kaka naye hakuachwa mikono mitupu. Mama alimpa kiasi cha kuanzia biashara ya vitunguu kwa gari la kukodi, akaandika katika daftari: "Imetoka. Si deni." Gari halikununuliwa. Kaka alipoendelea kudai, Mama alimjibu, "Mwanangu, gari hilo likipinduka Kitonga, mimi nitakula nini?" Kila aliyepita mteremko wa Kitonga na kuona yaliyolala bondeni anajua kwamba swali hilo si la dhihaka. Hata hivyo kaka aliumia. Kwa Krismasi mbili mfululizo hakuja nyumbani. Nalisema hili ili usidhani kwamba mambo ya fedha katika jamaa huishia kwenye hesabu sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi, na meza ya sikukuu ilikuwa na kiti kitupu.

MWAKA WA MAJARIBU

Mwaka 2019 Mama aliteleza shambani akavunjika mfupa wa paja. Bima ililipa sehemu kubwa ya matibabu, lakini kila aliyeuguza mtu anajua yale ambayo bima haiyaoni: nauli za kwenda na kurudi, chakula cha mwangalizi, kitanda cha kufaa nyumbani, kijana wa kulima shamba kwa msimu mzima. Na mwaka huo huo hisa zake zilikuwa zimeshuka vibaya. Nilipopiga hesabu, fungu lile la hisa lilikuwa limepungua zaidi ya robo.

Hapo kaka alikuja, na alikuja kwa upendo, si kwa kusuta. Alisema hisa ziuzwe zote kabla hazijakwisha kabisa, fedha itumike kumtibu Mama. Shangazi zangu walikubaliana naye. Nami, ndugu msomaji, usiku ule sikulala. Maana ukisimama kitandani kwa mzazi wako aliyefungwa mguu, maneno "tusubiri soko" yanakuwa mazito mdomoni.

Aliyeamua ni mgonjwa mwenyewe. Alidai aletewe daftari. Akatuonyesha fungu la mkononi: lilitosha. Akatuonyesha tarehe ya riba ya hati fungani: ilikuwa mwezi wa pili kutoka hapo. "Hizi nilizitenga kwa siku kama hii," alisema. "Zile ni za wajukuu. Wajukuu hawajavunjika mguu." Fedha ilichotwa katika Ukwasi, ikafika ndani ya juma lile lile. Hakuna hisa iliyouzwa.

Hebu tutazame jambo lililotokea sokoni katika miaka hiyo. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Katika mwaka 2019 hisa hiyo iliuzwa sokoni chini ya bei ile ya kuanzia. Mtu aliyesubiri miaka 10 angeweza kusema amechezewa. Katika mwaka 2024 ilipita shilingi 600. Na kwa faida ya mwaka 2023 benki ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Aliyenunua hisa 1,000 mwanzoni alitoa shilingi 150,000. Gawio la mwaka huo mmoja, baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5, lilikuwa shilingi 47,500. Aliyeuza mwaka 2019 kwa hofu hakupata hata moja kati ya hayo.

Lakini usiondoke hapa ukikimbilia kununua hisa moja. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na kwa miaka iliyofuata wengi walizitazama zikiuzwa chini ya bei hiyo. Kampuni kubwa, jina kubwa, wateja kila mtaa, na bado aliyenunua siku ya kwanza alibaki akisubiri. Wala haiandikwi popote kwamba kila kilichoshuka kitapanda. Ndiyo maana makampuni yalikuwa matano, na ndiyo maana nusu nyingine iliwekwa katika kihenge cha wengi. Subira peke yake haitoshi. Subira juu ya kikapu kimoja kilichotoboka ni ukaidi.

MAMBO YA KUSHIKA

Kutokana na daftari la Mama nimeokota mambo manne, nami nayaweka mbele yako yakufae.

Kwanza, fedha ya karo ya mwezi ujao, ya kodi ya nyumba na ya dawa isiingie sokoni kabisa. Soko halijui tarehe ya kufungua shule.

Pili, kila fedha inapotembea hulipa nauli. Anayetuma shilingi 10,000 kila juma kwa simu hulipa makato mara nne. Anayekusanya akatuma mara moja kwa mwezi hulipa mara moja. Linganisha, kisha chagua iliyo nafuu.

Tatu, hakikisha aliye mbele yako anayo leseni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana huwa na orodha ya madalali na wasimamizi walioidhinishwa. Hatujasahau mwaka 2009, Serikali ilipozifunga shughuli za DECI, ambako watu wengi walikuwa wameambiwa "wapande mbegu" wakavune maradufu. Palipo na ahadi ya kuvuna upesi na kwa hakika, mbegu yenyewe ndiyo inayoliwa.

Nne, na hili ndilo gumu, panga siku chache za kuangalia, na siku nyingine zote uache. Mama hufungua daftari mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Fungu moja likiwa limekua mno kupita mengine, fedha mpya hupelekwa kwenye lililopungua. Hauzi ili kusawazisha, kwa kuwa kuuza kuna ada. Watu wa kwetu wanaogema ulanzi wanaelewa sababu. Mgemaji hukata ncha ya mwanzi kidogo tu, akatega, akaondoka. Anayechimba mzizi kila asubuhi ili aone kama mwanzi unakua hatakunywa kitu.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya wenye kiinua mgongo, si ya mfanyakazi wa kiwandani au mama muuza maandazi. Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuikanusha yote. Mshahara usiofika tarehe 20 hauwezi kugawanywa mafungu matatu kwa sababu mwandishi amesema. Mwenye deni la riba kubwa alipe deni kwanza. Hakuna mfuko utakaomlipa kiasi anachokatwa huko. Lakini hata yeye analipa walinzi: makato ya simu, ada ya akaunti asiyoitumia, riba ya mkopo wa siku 14. Kuyajua hayo hakuhitaji mtaji.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Kaka amerudi mezani. Biashara yake ya vitunguu ina misimu mizuri na mibaya, na bado huamini kwamba lile gari lingekuwa limeshazaa mengine mawili. Pengine ni kweli. Mama humjibu kwamba pengine ni kweli. Wajukuu hawajui bado kwamba wana fungu, ila mkubwa wao, msichana wa darasa la sita, amepewa kazi ya kujumlisha safu za daftari mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Safu ni tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na ya mwisho, aliyoichora Mama mwenyewe kwa kalamu nyekundu, "walichokula walinzi".

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako lipo daftari la matumizi, chora safu hiyo ya tano. Usipoelewa nini cha kuandika humo, nenda ukaulize kule ilikolala fedha yako, na usitoke mpaka wamekujibu kwa tarakimu.